Anakaa, lakini mawazo yanatembea

Ninyi wazazi wa Kolwezi, Likasi, Kambove na Kipushi wenye mwana anayesoma iniversite huku Lubumbashi: munatuma feza ya chumba, munatuma gunia ya unga, munatuma salamu. Lakini hamujue namna gani huyu mwana anakalaka. Mimi ninajua, kwa sababu analala kwangu. Nina lupango upande wa Kasapa, na vyumba sita nyuma ya nyumba. Marehemu bwana wangu alivijenga kimoja kimoja, akisema ni vya uzee wetu. Yeye hakuufikia. Mimi nimeufikia, na ni miaka 11 sasa ninapokea wanafunzi. Mbele ya hapo nilifanya kazi ya kutunza wagonjwa miaka 27 mu lopitalo ya kampani, ndiyo maana jicho langu limezoea kuangalia mutu anavyotembea, anavyokula, na macho yake asubui yako namna gani. Kazi iliisha, jicho halikuisha.

Zamani, nikisikia mwanafunzi ni mugonjwa, nilifikiri malaria, tifoide ao kuhara. Hayo yote yako hata leo. Lakini ugonjwa ninaouona zaidi mu lupango hauna homa. Kijana ana miaka 21, hana kidonda, anakuja kuniomba kidonge cha kichwa. Kesho tena kichwa. Kesho kutwa tumbo linawaka moto. Kisha moyo unapiga mbio usiku. Anasema: "Mama, niko na tansio." Ninapima tansio: 12 juu ya 7. Iko muzuri sawa ya mutoto. Anaondoka na haya, sawa mutu aliyesema uongo. Na hakusema uongo.

Siku moja nilihesabu saa za mumoja wao. Siyo kupeleleza, ninakaa mbele ya mulango nikichambua lenga-lenga, na kila kitu kinapita mbele yangu. Aliamuka saa kumi na moja asubui, akakaa ku kitanda na silabusi. Akapanda pikipiki kwenda kalasi, kwa njia ambayo miguu inamaliza kwa dakika 25. Kule akakaa ku benchi mupaka saa nane, hakutoka hata kidogo, sababu ukitoka mutu mwingine anakamata fasi yako. Akarudi kwa pikipiki. Akakaa tena ku kitanda, kwa vile chumba hakina kiti. Umeme ukakatika jioni, akabaki na telefone mukononi, mwanga wake usoni tu. Saa saba ya usiku ule mwanga bado ninauona chini ya mulango. Nikijumlisha yote, miguu ya yule mwana ilifanya kazi chini ya nusu saa kwa siku nzima.

Na ile telefone haimuletee mapumziko. Kalasi yote iko mu kikundi kimoja cha WhatsApp, watu 200 na zaidi. Saa tano ya usiku mutu anaandika: "Inaonekana profesa ataulizia sura ya 7." Mwingine anajibu: "Sura ya 7 hatukuifundishwa!" Basi, watu 200 hawalale. Asubui wanasikia ilikuwa habari ya kalasi ingine.

Baba mukwe wangu aliingia kazi ya mugodi akiwa kijana. Alitembea kwa miguu toka kambi mupaka kazini, akafanya kazi ya mikono siku nzima, akarudi kwa miguu. Siseme ilikuwa maisha mazuri. Nimewatunza wazee wa namna hiyo, waliokohoa vumbi la mawe mupaka siku ya mwisho. Lakini akilala, alilala. Mashaka alikuwa nayo, na makubwa kuliko ya hawa vijana, lakini yalimukuta usiku mutu mwenye mwili uliochoka, yakakosa mulango wa kuingilia.

Nao waliofundisha zamani walilijua hilo. Hii ekipe tunayoita leo TP Mazembe ilizaliwa mu masomo, mwaka wa 1939. Mapadri Wabenedikto walioongoza Institut Saint-Boniface, wakati muji wetu ulikuwa unaitwa Élisabethville, walitaka wanafunzi wasioelekea upadri wapate kitu cha kufanya nje ya vitabu. Basi wakawapa mupira. Ekipe iliyokamata kombe la mabingwa wa Afrika mara 5, mwaka wa 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, imetoka ku wazo la walimu kwamba mwanafunzi hapaswe kukaa tu. Leo vijana wangu wanajua jina la kila muchezaji wa Mazembe. Wanawaangalia mu telefone, wamekaa.

Sasa niseme sawa mutu wa lopitalo. Mutu akikuta nyoka mu njia, mwili unatoa dawa yake yenyewe, wanganga wanaiita adrenalini. Moyo unapiga mbio, damu inaenda mu miguu na mikono, tumbo linapunguza kazi yake, macho yanafunguka. Yote hiyo ni kwa ajili ya kukimbia ao kupiga. Ukikimbia, ile nguvu inatumika, na kisha nusu saa uko unacheka na wenzako juu ya nyoka. Lakini nyoka ya mwanafunzi ni karatasi iliyobandikwa ku ukuta: majina ya wale ambao hawajamaliza kulipa feza ya masomo. Anaisoma, moyo unapiga, damu inaenda mu miguu, na miguu haiende fasi yoyote. Inarudi kukunjwa ku kitanda. Kesho karatasi iko palepale. Hapo kichwa kinauma, tumbo linawaka, shingo inakuwa sawa mbao, na kipimo cha tansio hakionyeshe kitu.

Kuna dawa ingine ya mwili, kortisoli, ambayo kwa desturi inapanda asubui na kushuka usiku ili mutu apumzike. Mashaka ya muda mrefu yanaweza kuvuruga ule mupango. Kijana anakuwa na usingizi mu kalasi na macho wazi saa nane ya usiku. Wengine, ili wasisinzie, wanatia miguu mu beseni ya maji ya baridi na kuendelea kusoma. Ninawaambia wachukue ile maji wafulie mashati, itakuwa na faida zaidi. Ubongo unapanga na kukaza mambo ya mchana wakati mutu amelala. Anayesoma bila kulala yuko anamimina maji mu kapu.

Mwaka wa 2020 Shirika la Afya la Ulimwengu liliandika kwamba mutu mukubwa afanye mwendo ao kazi ya mwili ya kadiri dakika 150 mupaka 300 kwa juma, na apunguze saa za kukaa. Watu wakisikia hivyo wanafikiri viatu vya michezo na uwanja. Kwenda ku kalasi kwa miguu, dakika 25 kwenda na 25 kurudi, siku 5: ni dakika 250, na feza ya pikipiki inabaki mu mufuko.

Lakini nisiwadanganye kwamba habari inaishia ku miguu.

Kufikiri na kuzungusha mawazo si kitu kimoja. Anayefikiri anatoka fasi moja na kufika ingine, hata kama ile fasi haimupendeze. Anayezungusha mawazo yuko sawa pikipiki iliyokwama mu matope wakati wa mvua: gurudumu inazunguka, inanguruma, inakula petroli, na kila muzunguko unaongeza shimo. Na ni nini wanazungusha? Wazazi wengi wanawaza ni mambo ya wasichana na wavulana. Mara moja moja. Zaidi ni hesabu. Baba anapata kiasi hiki. Mimi ninakula kiasi hiki. Nikianguka mwaka mumoja, ni kiasi hiki mara mbili. Na mudogo wangu ataingia iniversite lini? Mwana hana karatasi ya kweli ya hesabu ya nyumba, kwa hiyo anatengeneza yake, usiku, na hesabu ya usiku inazidi siku zote ile ya mchana.

Jamaa wakiona mwana anakonda na hasemi, jina linatafutwa upesi. Amerogwa! Kuna mutu wa familia hapendi asome! Mimi ninasali, sikatazi maombi ya mutu. Lakini mbele ya kutafuta mulozi, ulizeni kwanza mwana amelala saa ngapi juma hili. Ninajua shangazi mumoja aliyefukuzwa ku matanga ya kaka yake mwenyewe, juu ya kijana ambaye alikosa usingizi, basi. Kijana alipona. Shangazi hakurudishwa mupaka leo.

Sasa nieleze juu ya mwana wa Kolwezi. Yeye mwenyewe aliniruhusu kuandika, bila jina.

Alikuwa mwaka wa pili wa uinjinia. Maji tunachota ku bomba ya jirani, umbali wa barabara mbili, kila mutu na bidoni yake. Yeye aliacha kuchota. Alianza kumulipa mutoto wa jirani amuchotee. Mwanafunzi anayelipa maji na ambaye hana feza ya mukate, hiyo ni alama, nikaiweka mu kichwa. Wakafika mitihani. Kila asubui alivaa shati nyeupe, akatoka na wenzake, akarudi saa nane. Ilikuwa wakati wa mvua. Viatu vya wengine vilirudi na udongo mwekundu mupaka ku kamba. Vyake vilikuwa safi. Nilimufwata kwa macho siku ya tatu: alipita nyuma ya nyumba ya tatu, ile isiyomalizika, akaingia mule, akakaa juu ya matofali mupaka saa ya kurudi.

Jioni nilimuuliza: "Mutihani ya leo ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa muzuri, Mama."

"Sasa mu nyumba ya matofali njo banafanyishaka mutihani?"

Alinyamaza. Nikaendelea kuchochea makala mu mbabula, sababu mutu mwenye kunyamaza haifai kumuangalia sana. Kisha akasema: "Mama, tafazali, usiambie baba."

"Sitamwambia. Lakini sitamudanganya pia. Akinipigia, nitamwambia akuulize wewe. Anakupigiaka siku gani?"

"Siku ya Mungu, saa kumi na mbili ya jioni."

"Basi uko na siku ine."

Kila siku ya Mungu baba yake anapiga na kusema maneno yaleyale: "Injinia wangu, kazi inaendelea?" Ku kazi yake, wenzake wa timu wote wanamwita Baba Injinia. Mwana ana miaka 20, na jina amelivaa tayari.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubui, nilipiga ku mulango wake. Mimi ninaendaka kununua mboga kwa miguu ku mama wanaotoka mashambani, dakika 40 kwenda na 40 kurudi.

"Mama, niko na kichwa."

"Kamata kapu."

Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili alisema juu ya mashimo ya barabara. Siku ya tatu alianza. Hiyo niliionaka hata ku kazi: mwanaume ukimukalisha mbele yako na kumutazama machoni, anafunga kinywa. Utembee kando yake, ninyi wawili mukiangalia mbele, anasema yote.

Alikuwa na dada mudogo, mwaka wa tano wa sekondari, mwenye akili. Feza haikutosha kwa wawili, basi dada alitolewa masomo ili kaka aendelee. Sasa anauza mikate ya kukaanga kando ya barabara kule Kolwezi. Hakulalamika hata siku moja. Kinyume chake, kila mwisho wa mwezi anamutumia kaka makuta kidogo kwa telefone, kutoka mu ile mikate. "Mama," aliniambia, "nikikaa mbele ya karatasi, naanza kumuona beye. Kila swali iko inaniuliza: na dada yako?"

Tulitembea kipande bila kusema. Miguu ilikuwa imefungua kinywa, sawa nilivyotumaini, lakini deni lenyewe lilikuwa la kweli, na hakuna mwendo unaorudisha mutoto wa watu masomoni. Ilibaki aliseme kwa yule anayehusika. Nilimwambia hivyo tu, na kwamba mimi nitakuwa ku mbabula, karibu.

Siku ya Mungu, telefone ililia. Nilisikia upande mumoja. "Baba, sikufanya mitihani." Kisha kimya, kirefu, nikafikiri inite imekwisha. Kisha kijana akasema: "Ndiyo, nimekula." Kisha: "Ndiyo, baba." Baba alikuwa ameuliza maneno mawili tu, kama amekula, na kama mama mwenye lupango yuko. Na alisema: "Niko nakuja."

Alifika siku ya tatu, kwa basi, kilometa 300 hivi, akitoka kazi ya usiku, koti yake ya kazi imefungwa mu sashi. Mutu mufupi, mwenye sauti ya chini. Nilimupa maji na kiti. Nilingojea makelele, nikajitayarisha kusimama katikati. Lakini akaanza kusema juu yake mwenyewe. Anaendesha lori kubwa ya mugodi, saa 12, toka jioni mupaka asubui. "Batu banafikiri mutu wa mugodi anachoka mikono. Miye niko nakaa. Mugongo imekufa, na kichwa inazunguka na ile machini usiku muzima. Naanza kuhesabu: masomo, chakula, dawa ya mama yako, kontra yangu itaisha lini. Nikimaliza, naanza tena. Nilikuwa nafikiri ni miye moja tu."

Kijana alimutazama baba yake sawa mutu anayeona mugeni.

Niliwapa kapu, nikawatuma wote wawili kununua mboga. Walisema nini mu njia, sijui, sikuuliza. Walikawia, bukari ilipoa. Waliporudi, walikuwa na karatasi yenye hesabu pande zote mbili, na mboga walisahau.

Mupango wao ulikuwa huu. Dada anarudi masomo mwezi wa tisa. Baba atatuma pungufu huku Lubumbashi. Kijana atakaa wawili mu chumba na mwenzake, kila mutu nusu ya bei. Tena atafundisha hesabu watoto wa majirani, siku tatu kwa juma, kwa malipo kidogo. Mitihani ataifanya ku sesio ya pili. Baba aliandika tarehe na kiasi cha kila mwezi, akampa mwana karatasi, akasema: "Ukitaka kuwaza usiku, soma hii. Usitengeneze ingine."

Ninyi wazazi, labda mutasema hesabu ya nyumba si ya mutoto. Mimi sikubali. Huyu si mutoto wa miaka 8. Anajua kwamba feza inakosekana. Lile asilojua ni kiasi gani. Na kumwita Injinia mbele ya wakati, hata kwa upendo, ni kumupa muzigo mwingine wa kubeba akiwa amekaa.

Siseme kila ugonjwa wa kichwa unapona kwa kapu la mboga. Mwana akipita majuma mawili bila kulala ao bila kula, akiacha kuoga, akisikia sauti ambazo wengine hawasikie, ao akisema afazali angekufa, hata kwa kucheka, musimuache peke yake na musingojee likizo. Apelekwe kwa munganga siku ileile. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha Docteur Joseph Guislain, cha Ndugu wa Upendo (Frères de la Charité), kwa magonjwa ya namna hiyo. Watu wanaogopa kuonekana ku mulango wake. Ku mulango wa malaria hakuna mutu anayeona haya.

Mwana wa Kolwezi alifanya sesio ya pili. Masomo mawili yalimubakia, ameyabeba mu mwaka unaofuata. Dada yuko mwaka wa sita, anajitayarisha kwa mutihani wa Serikali, na mikate anauza siku ya sita tu. Baba anapiga bado kila siku ya Mungu: "Injinia wangu!" Mwana anajibu: "Bado, baba." Ninasikia kicheko kule ngambo.

Mu lupango, toka wakati ule, kuna sheria tatu. Kila mutu anachota maji yake mwenyewe, bidoni mbili kwa siku. Chakula cha jioni kinakuliwa inje, ku benchi, pamoja; mu chumba hapana. Na saa ine ya usiku telefone zote zinawekwa mu kikapu ndani ya nyumba yangu, mupaka asubui, isipokuwa mwenye mugonjwa kwao. Walinungunika sana juu ya hiyo ya tatu. Mumoja alihama, akasema mimi ni sawa kapita wa zamani. Chumba chake kilipata mutu mbele ya jua kuzama, kijana wa Likasi, ambaye mama yake alisoma zile sheria mara mbili ku mulango, akalipa miezi mitatu.